Mkono kwenye Lango la Saba

Siku ile ilianza vizuri tu. Nasema hivyo kwa sababu watu wakiisikia habari hii wanataka nianze na bundi na radi. Hakukuwa na bundi wala radi. Kulikuwa na bekoni kwenye kikaango, chai ya maziwa, na Glenys akimfokea mumewe, Trevor, kwa kuingia ndani na viatu vya matope.

Glenys alikuwa jirani yangu. Boti zetu tulikuwa tunazifunga ukingo mmoja wa mfereji, huku Staffordshire, zile boti ndefu nyembamba ambazo ukinyoosha mikono ndani unagusa kuta zote mbili. Haya alinisimulia mwenyewe, mara moja tu, na sijathubutu kumwomba arudie.

Boti yao iliitwa Edna, jina la marehemu mama mkwe wake. Asubuhi hiyo ya Oktoba, pembeni ya jiko, palisimama chupa moja ya bia ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuigusa. Ilikuwa ya Keith, mdogo wake Trevor. Mwaka mmoja kamili ulikuwa umepita tangu Keith afe maji kwenye lango la saba kule Hollin, na Trevor alitaka waende palepale, wammwagie bia yake, wasimame kidogo, basi.

"Si lazima twende na boti," Glenys alisema. "Gari lipo."

"Keith nimwendee kwa gari? Angetucheka mpaka alie."

"Ukungu mzito, Trevor."

"Ukungu wa Oktoba huo. Saa tano hautauona. Kwani una nini leo?"

"Sina kitu."

Alikuwa nacho, tena alikuwa nacho mwaka mzima. Tutafika huko.

Pale Hollin mfereji unateremka kilima kwa ngazi kumi na moja, na kila ngazi ni shimo refu la mawe lenye lango juu na lango chini, nalo shimo lote tunaliita lango. Boti inaingia shimo likiwa limejaa. Unafunga lango la juu, unazungusha hendeli kuinua vilango viwili vidogo vya lango la chini, maji yanatoka na boti inashuka nayo polepole. Mmoja anakaa nyuma ya boti kwenye usukani, mwingine anabaki juu ukingoni na hendeli. Injini inanguruma, hamsikiani, kwa hiyo mnaongea kwa mikono. Mkono ulioinuliwa ukatulia maana yake acha. Mkono unaozungushwa hewani maana yake fungua zaidi. Ndivyo tunavyofanya sote, miaka nenda miaka rudi.

Hatari ni moja. Chini ya lango la juu kuna kizingiti cha mawe kilichojitokeza ndani ya shimo, na mstari mweupe ukingoni unaonyesha kinapoishia. Boti ikirudi nyuma, mkia wake ukikaa juu ya kizingiti, maji yanashuka lakini mkia haushuki. Boti inainama, inamrusha aliyeko nyuma, inazama. Ndicho kilichompata Keith. Boti ilikuwa hiihii. Waliiopoa, wakaitengeneza, wakaipaka rangi upya.

Lango la kwanza walilikuta limejaa, liko wazi, linawasubiri.

"Bahati hiyo!" Trevor akasema.

La pili likawa hivyohivyo, na la tatu. Trevor akaanza kupiga mluzi. "Kuna muungwana mbele yetu, mke wangu. Tukimkuta baa namnunulia kinywaji."

Glenys alikuwa anapiga hesabu. Anayeshuka mbele yako na boti anakuachia shimo tupu, kwa sababu ameshuka na maji yake. Shimo likiwa limejaa na lango la juu liko wazi, ama kuna boti iliyopanda sasa hivi, na wao hawakupishana na yeyote, ama kuna mtu anatembea kwa miguu huko mbele, anakuandalia kila lango kabla hujafika.

Hiyo ilikuwa kazi ya Keith. Alikuwa anatangulia na hendeli yake begani, anajaza shimo, anafungua lango, kisha anamwachia shemeji yake tofi moja juu ya boriti ya kusukumia lango. "Ya kukutia nguvu, shem," alikuwa anamwambia, "maana unazungusha kama bibi anayekoroga uji." Shem, shem, siku nzima. Hakuna mtu mwingine aliyemwita hivyo. Na tofi zilikuwa za Glenys peke yake, kwa sababu Trevor ana meno ya bandia, tofi hazigusi.

Kwenye lango la nne, juu ya boriti, palikuwa na tofi.

Karatasi yake ya rangi ya dhahabu ilikuwa imelowa, na uzi wa mwani wa mfereji umejisokota kwenye ncha yake. Glenys aliitazama. Akageuka kumtazama Trevor, aliyekuwa anashughulika na usukani. Akaifagia majini kwa kiwiko kama anayefukuza nyigu.

Lango la tano, tofi nyingine. La sita, mbili.

"Trevor," akaita, "tugeuze."

"Tugeuzie wapi? Boti ina futi hamsini na saba, mfereji upana wa kitanda." Kisha akamwona uso. Sauti yake ikashuka. "Najua, Glen. Hata mimi naogopa kupaona. Tutakuwa pamoja."

Alimpenda sana mumewe wakati ule, akaniambia. Na alijichukia vivyo hivyo.

Lango la saba lilikuwa limejaa hadi ukingoni. Maji meusi, hayatikisiki. Trevor akaingiza boti, akazima injini, akafungua chupa. Akamwaga bia taratibu nyuma ya usukani, pale penye kizingiti. "Haya, mdogo wangu," akanong'ona. "Ungekuwa mwangalifu kidogo tu ungekuwa hapa." Mwaka mzima alikuwa akiyasema hayo. Mdogo wake mzembe. Mdogo wake hakutazama nyuma. Glenys alisimama ukingoni, juu yake, na hendeli mkononi, na kila neno lilimchoma.

Trevor akavaa glavu zake za ngozi, akawasha injini.

"Sogea mbele," Glenys akamwambia. "Upite ule mstari mweupe."

"Nimeupita."

"Sogea tena."

"Glen, nimeupita! Nenda kafungue."

Akafunga lango la juu, akaenda hadi la chini. Ukungu ulikuwa umemeza nusu ya boti. Pua ya Edna aliiona, mkia hakuuona. Akazungusha hendeli kidogo, nusu tu. Maji yakaanza kutoka kwa sauti ya mtu anayevuta pumzi kupitia meno. Boti ikashuka. Kofia ya Trevor ilionekana mara moja katika ukungu, kisha ikazama chini ya ukingo wa mawe.

Alihesabu mpaka ishirini.

Mkono ukatokea.

Ulitokea kule nyuma, juu ya ukingo. Ukainuka mpaka kiwikoni. Ukaanza kuzunguka hewani, taratibu.

Fungua zaidi.

Hendeli ilikaribia kumponyoka, kwa sababu mkono huo alikuwa ameshauona. Ni hilo tu alilokuwa nalo mwaka mzima. Siku Keith alipokufa, ndugu wawili walikuwa wamebadilishana kazi, Trevor ametangulia lango la nane, Keith yuko kwenye usukani, na Keith alikuwa amemtania Glenys tangu asubuhi, bibi wa uji, bibi wa uji. Ukungu ulikuwa kama huu. Mkono ukatokea ukingoni, unazunguka. Glenys akasema moyoni, haya bwana, unataka haraka, chukua haraka. Akafungua vilango vyote viwili mpaka mwisho. Aliposikia chuma kikilia ndipo akajua. Mkono haukuwa unampa ishara. Ulikuwa unatafuta kitu cha kushika.

Hakimu wa uchunguzi wa vifo alimuuliza aliona nini. "Sikuona kitu," akasema. "Kulikuwa na ukungu." Na Trevor, aliyekaa pembeni yake akimshika mkono, akaamini kwamba mdogo wake alikufa kwa uzembe wake mwenyewe.

Sasa mkono ulikuwa unazunguka.

Kwa haraka zaidi.

Fungua. Fungua zaidi.

Labda ni Trevor, akajiambia. Trevor anataka tumalize twende zetu. Vidole vyake vikakaza hendeli. Akaizungusha mara moja. Halafu akaona.

Trevor alikuwa amevaa glavu. Mkono ule ulikuwa mtupu. Ulikuwa mweupe, umevimba, na maji yalikuwa yakitiririka kutoka kiwikoni bila kukoma.

Akaiachia hendeli. Kilango kikaanguka kwa kishindo, maji yakanyamaza. Akapiga kelele mpaka koo likauma.

"Sifungui tena, Keith! Sifungui tena!"

Akakimbia. Alipofika nyuma aliikuta Edna imeinama, mkia umekaa juu ya kizingiti, Trevor amening'inia kwenye usukani kwa mikono miwili, mdomo wazi, na injini imemeza sauti yake. Sentimita chache zaidi za maji na angekwenda. Glenys akajaza shimo kwa kilango cha juu, akilia, akihesabu, mpaka boti ikaelea na kunyooka.

Mkono haukuwepo. Juu ya jiwe la ukingo palibaki maji kidogo.

Mara ya pili boti ilishuka salama. Wakatoka lango la saba, wakagonga vigingi viwili ukingoni kabla ya lango la nane, wakafunga kamba. Trevor akateleka birika jikoni. Akashusha kikombe chake kwenye ndoano.

"Nilikuwa mbele ya mstari," akasema. "Ilirudi yenyewe. Ni kama kuna mtu aliyeivuta kwa kamba."

"Nilikuona... niliona mkono."

"Sikuinua mkono. Ningeuinuaje? Nilikuwa nimeshika usukani kwa yote miwili."

Birika likaanza kuchemka.

"Glen. Niliyasikia maneno yako ya mwisho, injini ilikuwa imepungua kidogo wakati ule." Aliongea polepole sana. "Ulisema, sifungui tena. Tena, baada ya lini?"

Angeweza kudanganya. Uongo alikuwa nao tayari, umezoea ulimi wake. Lakini alikuwa ametoka kumwona mumewe akining'inia mahali palepale, na hakuweza. Akamwambia yote. Mkono, hasira, vilango viwili, hakimu.

Trevor hakufoka. Ningekuwa mimi ningefoka, ningevunja sahani. Yeye aliinuka, akaosha kikombe chake, akakikausha, akakitundika kwenye ndoano. Akatoa glavu mfukoni, akaziweka mezani moja juu ya nyingine. Akatoka nje.

Glenys alikaa akisubiri. Aliposikia kimya kinazidi, akachukua hendeli, akamfuata.

Lango la nane lilikuwa limejaa. Liko wazi. Trevor alikuwa amekaa juu ya boriti, amempa mgongo, na miguuni pake kulikuwa na karatasi ya rangi ya dhahabu. Alikuwa anatafuna.

"Trevor?"

Akaendelea kutafuna. Maji yalikuwa yanadondoka kutoka kwenye mkono wa koti lake, tone, tone, kwenye nyasi.

"Trevor, unakula nini?"

Akageuka. Alikuwa anatabasamu, tabasamu la mzaha, la mtu aliyekutania tangu asubuhi. Akanyoosha mkono mtupu, mweupe.

"Nipe hendeli, shem," akasema. "Leo usukani ni wako."

Glenys hakurudi botini hata kuchukua mkoba. Alipita katikati ya ua wa miiba, akakatiza shamba la kondoo, akaenda kugonga mlango wa kwanza aliouona. Mwenye shamba alipofika pale mfereji alimkuta Trevor bado amekaa juu ya boriti, anatetemeka kwa baridi, anauliza mkewe yuko wapi. Alikumbuka kuosha kikombe. Baada ya hapo hakumbuki chochote, mpaka leo, isipokuwa kwamba mdomo wake ulikuwa na utamu.

Hawaishi pamoja tena. Trevor yuko kwa dada yake. Hajamshitaki wala hajamsamehe, amenyamaza tu. Glenys amepanga chumba mjini, mbali na maji, na Edna hakuna aliyekuwa tayari kwenda kuichukua. Machi aliniomba nikamletee nguo zake, akanipa ufunguo. Nikaenda mchana kweupe, jua linawaka, wala mimi si mtu wa kutishika ovyo.

Boti ilikuwa palepale, kwenye vigingi vyake viwili. Jiko lilikuwa baridi kama kaburi, halijawashwa miezi mitano. Glavu zilikuwa mezani, moja juu ya nyingine. Madirisha yote yalikuwa makavu, isipokuwa moja, lile la juu ya mto wa kulalia wa Glenys. Lilikuwa limejaa mvuke. Kwenye mvuke kulikuwa na duara lililochorwa kwa kidole, likarudiwa, likarudiwa, mara zisizohesabika. Nilipitisha kiganja kulifuta, na kioo kilikuwa na joto. Matone ya mwisho yalikuwa ndiyo kwanza yanaanza kuteremka.

Nikazoa nguo, nikatoka. Nje nikageuza kichwa mara moja tu. Lango la nane lilikuwa limejaa, liko wazi.

Jioni nikampelekea Glenys mfuko wake. Akaupokea mlangoni, akaniangalia usoni kwa muda mrefu.

"Uliona nini?" akaniuliza.

"Sikuona kitu," nikamwambia.