Mafuta ya Ajuza

Kila Jumamosi asubuhi, kabla sijafua sare zangu, kazi yangu ni kumfuta vumbi Ajuza. Ajuza ni trekta la mjomba. Limemzidi mama umri, rangi imebabuka, lakini mjomba analipenda kuliko usingizi.

Jumamosi ile hapakuwa na kufua. Mvua ya kwanza ilikuwa imenyesha, udongo umelainika, na majirani saba walijipanga kulimiwa. Shamba la mama lilikuwa la kwanza. Miguu yangu haikutulia kwa furaha! Ila kwanza, Ajuza abadilishwe oili ya injini.

Tukaenda duka la spea. Mjomba hasomi vibandiko. Yeye huchovya kidole kwenye pipa, anasugua oili kwa gumba, anafumba macho kama mtu anayeonja mchuzi.

"Hii maji matupu," akasema kwenye pipa la kwanza. Kwenye pipa la pili kidole kilinyanyuka na uzi mrefu kama wa asali. "Enhee! Mzee hapewi uji mwepesi."

"Ya trekta hiyo, kaka?" muuzaji akauliza, huku akihudumia watu wanne kwa mpigo.

"Ya trekta. Jaza dumu."

Mimi nilikuwa nimeshasoma kibandiko. Pipa lile lilikuwa la oili ya giaboksi, sanduku la gia. Kitabu cha Ajuza hukaa chini ya kiti, nami nimekisoma mara nyingi nikifuta vumbi. Kinasema injini yake inataka oili ya injini ya dizeli, 15W-40, na hiyo ndiyo iliyokuwa kwenye pipa la kwanza.

"Mjomba..."

Watu wote wakageuka kunitazama.

"Unasemaje?"

"Hamna."

Aibu ilinifunga mdomo.

Nyumbani, oili ya zamani ikatolewa, nyeusi kama lami. Filta mpya ikafungwa. Majirani walishajaa uani.

"Leo Ajuza anapakwa mafuta, anaolewa nini?" jirani mmoja akatania. Wakacheka mpaka mama akashika mbavu.

Kazi yangu ilikuwa kushika faneli ya kumiminia oili. Mjomba akanyanyua dumu. Nikawaza injini ikifia katikati ya shamba la mama, mvua nayo haisubiri mtu. Dumu likainama. Nikaziba mdomo wa faneli kwa kiganja.

Oili ikanimwagikia mpaka kwenye kiwiko.

"We! Umepatwa na nini?"

"Hiyo ya giaboksi, mjomba! Ya injini ni ile ya pipa la kwanza! Imeandikwa!"

Sauti yangu mwenyewe ilinishtua.

"Kumbe bubu anaongea!" jirani akasema.

"Nimeendesha trekta wewe hujazaliwa," mjomba akanguruma.

"Ndiyo, mjomba, nakuheshimu. Lakini tazama." Nikachomoa kitabu chini ya kiti kwa mkono ule mkavu, nikamwonyesha ukurasa.

Akautazama muda mrefu. Halafu akampigia simu muuzaji, sauti tukaisikia wote.

"Injini?" muuzaji akapiga kelele. "Kaka, mimi nilijua ni ya giaboksi! Usithubutu! Hiyo haikutengenezwa kwa ajili ya injini, vyuma vitasagana!"

Mjomba akakaa juu ya tairi.

"Ningemimina yote," akasema taratibu. Ghafla akaruka. "Panda pikipiki! Twende!"

Tulikwenda mbio, matope yakiruka. Dukani akanisimamisha mbele ya mapipa. "Soma. Wote wasikie." Nikasoma, masikio yananiwaka moto, lakini nikasoma mpaka mwisho.

Tuliporudi, oili sahihi ikaingia. Mjomba akachomoa kijiti cha kupimia, akakifuta, akakichovya tena: imefika kwenye alama. Akawasha. Mshale wa presha ya oili ukapanda, ukasimama kwenye kijani! Watu wakapiga vigelegele, mama akanikumbatia na oili yangu yote.

Mjomba akainama toka kwenye kiti.

"Kidole changu kinajua oili nzito na nyepesi, hakijui kazi ya oili. Chombo kikiwa na kitabu, kitabu kisomwe kwanza. Hilo kosa langu. La kwako, mpwa wangu, ni kwamba dukani ulijua ukanyamaza. Ukijua jambo la kweli, liseme kwa adabu, hata kama anayekosea ni mkubwa. Na liseme mapema, maana siku nyingine kiganja chako hakitawahi. Umenisikia?"

"Ndiyo, mjomba."

"Sijasikia!"

"NDIYO, MJOMBA!"

Akacheka, akashusha plau, na Ajuza akaanza kuupasua udongo wa shamba la mama.