Nyongeza Zilizokula Paa

Jumamosi asubuhi Mama Pacha alikuwa anapiga pasi sare za shule. Chumba chao cha kupanga kilikuwa kidogo. Meza ya pasi ikifunguliwa, mlango haufunguki wote. Chini ya meza, pacha wake wawili waligombania kiatu. Juu ya kitanda, mama mkwe wake alimenya viazi. Mumewe alikuwa mlangoni, nusu ndani, nusu nje, akinyoa ndevu.

Simu ililia. Ulikuwa ujumbe wa mkandarasi anayewajengea nyumba. Mama Pacha alisoma, akaiweka pasi pembeni.

"Nyongeza tena! Baba Pacha, huyu mtu anataka laki kumi na mbili."

"Za nini?"

"Ndiyo nakuuliza wewe. Anasema tusipolipa, haanzi kuezeka. Laki kumi na mbili ndiyo pesa yote tuliyo nayo. Na paa peke yake ni laki kumi!"

Mwenye nyumba alikuwa ameshampa mtu mwingine chumba chao kuanzia mwisho wa mwezi. Nyumba yao mpya ilikuwa na kuta tu. Bila paa, wangehamia wapi?

Mama Pacha alisoma tena. "Milango mitatu ya mbao ngumu, laki sita. Nani aliagiza mbao ngumu?"

Mumewe alikohoa. Povu lilimdondokea shatini. "Nilipita pale siku moja. Nilitaka iwe mshangao kwenu."

"Nimeshangaa. Tao la barazani, laki mbili. Tao?"

Mama mkwe aliendelea kumenya viazi. "Nilimwambia yule kijana apinde kidogo tu pale juu. Kupinda nako kunalipiwa?"

"Mama! Na wewe ulienda?"

"Nilienda. Nikamwambia asiwaambie."

Mama Pacha alifika kwenye mstari wa mwisho, akanyamaza. Vigae vya jikoni, laki nne. Hivyo aliviagiza yeye mwenyewe.

"Mbona umenyamaza, mwanangu?" mama mkwe aliuliza. "Soma na hicho cha mwisho."

Mama Pacha hakusoma. Alichomoa pasi, akachukua mkataba kabatini, akatoka na pasi mkononi.

Nyumba ya pili aliishi Mama Futi. Kazi yake ilikuwa kukadiria gharama za majengo. Watu walimpa jina hilo kwa sababu futi ya kupimia haikukosekana kwenye mkoba wake. Alimkuta anaanika nguo.

"Shoga, nitampiga mtu," Mama Pacha alisema.

"Usimpige kwa pasi, itaharibika. Kaa. Nipe huo mkataba."

Mama Futi alisoma, kibanio cha nguo kikiwa mdomoni. Kisha akakitoa.

"Milango mmeshalipia. Iko humu. Milango mitatu ya mbao laini, laki nne. Sasa anataka laki sita za mbao ngumu. Je, amewatolea zile nne?"

"Hajatoa hata senti."

"Basi anawauzia milango miwili kwa tundu moja. Ukibadilisha kitu, unalipa tofauti tu. Sita toa nne, unabaki na mbili. Na hivi vigae, mlimuuliza bei kabla?"

"Nilimwambia aweke vizuri."

"Vizuri ni shilingi ngapi?"

Mama Pacha aliinamisha kichwa. Jirani yake alicheka, akavaa viatu.

Walikwenda wote kwenye kiwanja: mke, mume, mama mkwe na Mama Futi. Mkandarasi alikuwa amekaa juu ya mfuko wa saruji. Alipowaona, alisimama upesi.

"Karibuni, wakubwa. Leo mmekuja na jeshi."

"Kaka, hii milango imeshatengenezwa?" Mama Futi aliuliza.

"Bado. Nasubiri pesa."

"Na vigae?"

"Viko dukani. Lakini dada, vitu vimepanda bei."

"Vipande, vishuke. Laki nne za milango ya mkataba ziko wapi?"

Mkandarasi alikuna shingo. Kisha naye akaja juu. "Na mimi nisikilizeni! Huyu anakuja Jumatatu, anataka hiki. Huyu Alhamisi, anataka kile. Bibi ananiambia nifanye siri. Nyumba moja, wakubwa watatu! Nimsikilize nani?"

Hapo alikuwa na haki. Baba Pacha alitazama viatu vyake.

Mama Futi alinyoosha kidole barazani. Tao lilikuwa limeshajengwa. Lilikuwa zuri, kusema kweli.

"Hili limejengwa, na bibi aliliagiza. Lazima walipe. Ila sehemu hii ilikuwa na boriti ya zege kwenye mkataba, na hukuiweka. Toa bei yake."

Mkandarasi alipiga hesabu kimoyomoyo, midomo ikicheza. "Haya. Laki moja."

"Vingine vyote tunafuta," Mama Pacha alisema. "Milango ni ile ya mkataba. Vigae hapana."

"Mbao ngumu nazo hapana?" mumewe aliuliza kwa sauti ndogo. "Tofauti si laki mbili tu?"

"Utazitoa wapi, Baba Pacha? Mlango mgumu kwenye nyumba isiyo na paa! Mwizi ataruka ukuta."

Mafundi walicheka. Mumewe naye akacheka, ingawa uso wake ulikuwa wa mtu aliyenyang'anywa.

"Mtabakiwa na laki moja," Mama Futi alisema. "Kabla ya kupiga plasta, ongezeni mabomba ya waya za umeme ukutani. Hapa mna soketi moja kila chumba. Mkiamua baadaye, mtavunja ukuta na kulipa mara mbili. Vigae na milango vinaweza kungoja. Kilicho ndani ya ukuta hakingoji."

Siku hiyo walikubaliana jambo moja zaidi. Mama Pacha peke yake ndiye atakayeagiza mabadiliko. Mkandarasi ataandika bei kwanza, na pande zote mbili zitatia sahihi. Bila sahihi, hakuna kazi na hakuna malipo.

"Hata mimi nitapumzika," mkandarasi alisema.

Mabati yalipanda wiki iliyofuata. Kabla ya mwisho wa mwezi, walibeba vitanda wakahamia. Sakafu ya jikoni ilikuwa saruji tupu. Lakini mvua ilipiga usiku kucha, na hakuna aliyeamka kusogeza kitanda.

Mkandarasi alipokuja kukagua paa, alimkuta mama mkwe amekaa chini ya tao lake, ameridhika.

"Kijana wangu," bibi alinong'ona, "hapa pembeni si ungenijengea kabenchi kadogo? Usimwambie mtu."

Mkandarasi alirudi nyuma kama aliyekanyaga moto.

"Mama Pacha!" aliita. "Njoo haraka! Bibi anaongeza tena!"