Doa Jeusi Darajani

Kila jioni baada ya shule, Eliza aliwavusha mbuzi wa bibi yake kwenye daraja jipya la Mungaa. Mbao za daraja la zamani ziliisha kwa mchwa. Sasa watu walikanyaga vipande vipana vya nyuzi za kioo zilizoshikamanishwa kwa gundi ngumu. Fundi Chediel, aliyevifunga, aliwaonya wanakijiji, "Haviozi wala havishiki kutu. Ila msiwashe moto juu yake. Gundi ikiungua, nguvu imekwisha."

Siku moja mvua ilinyesha asubuhi yote. Chini kulikuwa tope tupu, lakini upepo ulishakausha daraja. Eliza alikuwa na njaa, na mkononi ana mahindi mabichi.

"Kamoto kadogo tu," alijisemea, akawasha vijiti palepale darajani ayachome.

Mara ukafuka moshi mweusi unaonuka kama plastiki. Eliza alichota maji ya korongo lililo chini ya daraja, akauzima moto. Likabaki doa jeusi, na alipolikanyaga lilibonyea. Akalipaka tope, akaondoka.

"Mbona unanuka moshi?" bibi aliuliza.

"Nilipita jikoni kwa Mama Damari," Eliza alidanganya. 

Asubuhi, akiwa njiani kwenda shule, alisikia mayowe kutoka darajani. Punda wa jirani yao, Mama Damari, alikuwa akipeleka mahindi mashineni. Mguu wake ulitumbukia palepale Eliza alipopaka tope, ukavunjika. Hakukuwa na la kufanya ila kumchinja mateso yake yaishe.

"Nitabebewa na nani sasa?" Mama Damari alilia.

Eliza alipiga magoti mbele yake. "Shikamoo mama. Nimeunguza daraja mimi. Nikaficha."

Mama Damari aligeuka, akaanza kuzoa mahindi yaliyomwagika.

Siku ile ile Fundi Chediel alileta kipande kingine. Kilikuwa chepesi, wanaume wachache wakakibeba mabegani, na kabla ya jua kuzama watu wakavuka. Eliza naye alijitwika mahindi ya Mama Damari hadi mashineni, akarudi na unga, bibi akimsindikiza.

"Mjukuu wangu," bibi alisema, "kipande kimebadilishwa kwa siku moja. Ungesema jana, tungeweka miiba pale, na punda angekuwa hai. Kukosea ni kwa kila mtu. Ukikosea, sema mapema, kabla kosa lako halijamfika mwingine."

"Nimesikia, bibi."

Walipofika kwa Mama Damari, Eliza alitua unga mlangoni. Uani, kamba ya punda ilikuwa bado imefungwa kwenye kigingi, na majani aliyokatiwa ale akirudi yalikuwa hayajaliwa.