Mezea, Khalil!

Kila alipotoka shule, Fakhriya alipitia dukani kwa baba yake, Mzee Nasor, fundi saa wa Kariakoo, kumwangalia mdogo wake Khalil, mtoto wa miaka minne.

"Saa za wateja msiziguse," baba aliwaambia siku hiyo, akaenda kuswali Alasiri.

Hakuchelewa Fakhriya kufungua saa ya mteja ili aone inavyozunguka ndani. Kibetri kikachomoka, kikabingirika sakafuni. Khalil akakiokota.

"Dada Fakhi, umeharibu! Nitamwambia Baba!"

Sauti ya baba ikasikika nje, akisalimiana na majirani. Fakhriya akaifunika saa kwa kitambaa.

"Mezea!" alinong'ona, kama walivyoambiana yeye na wenzake darasani walipotaka jambo liwe siri. "Mezea, nitakununulia ubuyu."

Khalil hakuijua lugha hiyo ya wakubwa. Alikitazama kibetri, akakitia mdomoni, akameza.

Fakhriya akamfungua mdomo haraka, lakini kibetri hakikuwamo tena.

"Mbona kimya hivi?" baba aliuliza akiingia.

"Hamna kitu, Baba."

Labda kitatoka chenyewe, alijipa moyo. Lakini Khalil alianza kukohoa. Mate yakamchuruzika kidevuni. Alipopewa maji aliyatema, akashika kifua.

"Dada, inauma," alisema kwa shida. "Lakini sijasema."

Hapo Fakhriya akapiga kelele. "Baba! Amemeza betri ya saa! Mimi ndiye niliyeifungua, na mimi ndiye niliyemwambia amezee!"

Baba hakuuliza ni saa ya nani. Alimnyakua Khalil, akamwachia duka jirani yake Mudi, wakakimbilia bajaji. Njia nzima Fakhriya alisoma kila dua aliyoijua, akizichanganya.

Hospitalini, picha ya eksirei ilionyesha kibetri kimekwama kooni. Khalil akapelekwa ndani, mlango ukafungwa. Fakhriya aliukodolea macho, akiogopa hata kupumua.

Hatimaye Daktari Severa akatoka. "Tumekitoa. Kilikwishaanza kumuunguza, lakini atapona. Mngekawia, tungekuwa tunazungumza mengine."

Fakhriya aliangua kilio. "Nisamehe, Baba. Niliogopa utanichapa."

Baba alimvuta karibu. Mikono yake, isiyotikisika hata kwenye skrubu ndogo kuliko punje ya ulezi, ilikuwa ikitetemeka.

"Saa ningeitengeneza, mwanangu, ndiyo kazi yangu. Koo la Khalil ningelitengenezaje? Siri inayomdhuru mtu usiifiche. Iseme upesi, hata kama kosa ni lako."