Hakuna wa Mwisho Boharini

Desemba ile, mwaka wa tatu baada ya Uhuru, Apeduno aliamka kila siku kabla ya jua, akanawa uso, akanywa uji wa wimbi akiwa amesimama, kisha akamfuata mama yake hadi Malaba. Shule ilikuwa imefungwa. Mama yake, Rosebella, hakuwa mtu wa kuzunguka katika maneno.

"Karo ya darasa la sita haiokotwi njiani," alimwambia. "Mikono unayo. Utakuja nami boharini."

Bohari hiyo ilikuwa ya Mzee Opolot, mnunuzi wa pamba, nayo ilikuwa karibu na reli. Treni za Uganda zilipopita, mabati yalitetemeka na akina mama walinyamaza mpaka behewa la mwisho lipite. Kazi yao ilikuwa kuchagua pamba ya wakulima kabla haijapelekwa kiwandani. Nyeupe, ambayo iliitwa safi, iliwekwa upande mmoja. Fifi, yaani ile yenye madoa ya manjano au iliyoharibiwa na wadudu, iliwekwa upande wa pili. Asubuhi kila mtu alipewa fungu lake juu ya turubai. Akilimaliza, siku yake imekwisha.

Walikuwa watu ishirini na saba. Waliketi katika mistari miwili, wakiimba na kutaniana kwa Kiteso, Kiluhya na Kiswahili. Aliyemfundisha Apeduno kazi alikuwa Jerusha, jirani yao, mjane mwenye watoto wanne. Viungo vya vidole vyake vilikuwa vimevimba, kwa hiyo alikwenda polepole, lakini fifi haikumponyoka hata moja.

"Usiitazame tu, mwanangu. Iguse," alimfundisha. "Pamba mbaya hukwaruza."

Apeduno aligusa, akajua. Baada ya wiki moja vidole vyake vyembamba vilikuwa vikiruka juu ya pamba kama kuku anayedonoa mtama. Hakuna aliyemfikia, hata Wilkister, msichana wa umri wa kuolewa aliyejisifu kuwa ndiye mwenye mkono mwepesi kuliko wote Malaba.

"Haka katoto kananiaibisha," Wilkister alisema, na wote wakacheka. Apeduno alicheka pia. Alipenda sana kusifiwa.

Nyapara wao aliitwa Lazarus. Kaptula yake ya kaki ilipigwa pasi mpaka ungedhani ingeweza kusimama bila yeye. Asubuhi moja ya Ijumaa alipuliza filimbi, akapanda juu ya gunia.

"Sikilizeni! Kuanzia leo, watatu wa mwisho kumaliza, kesho yao haipo. Langoni kuna watu wanaotafuta kazi. Mkitaka mfano, mtazameni huyu mtoto. Hata mtoto anamaliza!"

Akamwelekezea Apeduno kidole. Apeduno akaona fahari mpaka masikio yakapata moto.

Siku hiyo hakuna aliyeimba. Hakuna aliyekwenda kunywa maji. Mikono ilirusha pamba ovyo, fifi ikaingia katika safi, na watu wakafunika kwa juu. Apeduno alimaliza wa kwanza. Aliketi kando akitafuna muwa, akawatazama wengine wakikimbizana na mafungu yao. Ndipo alipomwona Jerusha, midomo imemkauka, akipuliza vidole vyake na kuendelea.

Jerusha aliponea chupuchupu. Alikuwa wa nne kutoka mwisho. Watatu waliobaki nyuma yake walikung'uta nguo zao, wakatoka langoni bila kuaga mtu.

Njiani kurudi nyumbani, Apeduno alisubiri mama yake amsifu. Mama yake alitembea tu.

"Toto," Apeduno alimwita, maana ndivyo Wateso wanavyomwita mama, "leo nimemaliza wa kwanza."

"Nimeona. Na Jumatatu nani ataondoka?"

Apeduno alilijua jina. Watoto wanne wa Jerusha alicheza nao kila siku.

"Jumatatu nitakwenda polepole," alisema mwishowe. "Nitajifanya vidole vinaniuma."

Rosebella alisimama katikati ya njia. "Hapana. Huo ni uongo, tena ni uvivu. Unapokea ujira wa watu halafu unazembea? Isitoshe, ukichelewa wewe, Jerusha atapona siku moja tu, na mwingine ataondoka badala yake. Fikiri tena."

Apeduno alifikiri usiku kucha, hakupata kitu.

Kesho yake, Jumamosi, ilikuwa zamu ya shamba la Jerusha. Kijijini kwao wanawake walilimiana mashamba kwa zamu, na kila mmoja alipewa ngwe yake, kipande kirefu cha kulima mpaka mwisho wa shamba. Ilikuwepo desturi moja ambayo Apeduno aliizoea tangu utotoni, hata hakuwahi kuitilia maanani. Anayemaliza ngwe yake haketi. Anageuka, anaingia katika ngwe ya aliyebaki nyuma, analima akimwelekea mpaka majembe yao yakutane. Hakuna anayekula kabla wote hawajatoka shambani.

Apeduno alimaliza, akageuka, akaanza kulima kumwelekea Jerusha. Majembe yalipokutana, kling, akabaki ameduwaa.

"Umekata mdudu?" Jerusha aliuliza.

"Mama Jerusha, kwa nini boharini hatugeuki?"

Jerusha aliweka jembe chini. "Kule ni kazi ya tajiri, mwanangu. Kila mtu na fungu lake."

"Lakini kama tutageuka, wa mwisho atakuwa nani?"

Jerusha alimtazama. Kisha akaita kwa sauti ambayo ilivuka shamba lote, "Rosebella! Hebu njoo umsikie mtoto wako!"

Jumapili baada ya kanisa, akina mama wa boharini walikusanyika nyumbani kwa Rosebella. Wengi walikubali mara moja. Wilkister alikunja mikono.

"Mimi nimalize langu, halafu nifanye la mwenzangu? Kwani nitalipwa mara mbili?"

"Hutalipwa," alisema Rosebella. "Leo una mbio. Mwakani ukiwa na mimba ya miezi minane, wa mwisho utakuwa nani?"

Kicheko kilizuka. Wilkister alitazama chini, kisha naye akacheka. "Basi, nimeingia. Lakini tukifukuzwa wote, mtanilisha nyie."

"Tutafanya wote au tusifanye," alisema Rosebella. "Na pamba ichaguliwe vizuri. Mtu asije akapata sababu ya kutusema."

Jumatatu asubuhi, wageni watatu waliingia kujaza nafasi za walioondolewa. Rosebella aliwapokea langoni, akawaeleza. "Leo ninyi ni wageni wenye nguvu. Kesho mtakuwa wa mwisho. Mko nasi?" Wageni wakatazamana, wakaitikia.

Mchana Apeduno alimaliza fungu lake. Lazarus alimkenulia meno. "Pumzika, bingwa."

Apeduno alinyanyuka, akapita mstari mzima, akapiga magoti upande wa pili wa fungu la Jerusha. Akaanza kuchagua.

"We! Fungu lako liko kule!"

"Limekwisha, bwana nyapara."

"Basi nenda nyumbani!"

"Nitakwenda na wenzangu."

Kabla Lazarus hajapata neno, Wilkister alimaliza lake, akageuka. Kisha mwingine. Kisha wawili pamoja. Mtu mmoja akaanzisha wimbo wa kulima, na bohari yote ikaitikia. Mafungu yaliyobaki yaliyeyuka. Wote ishirini na saba walisimama kwa wakati mmoja, wakakung'uta nguo zao kwa wakati mmoja.

Lazarus alizunguka akinyoosha shingo. "Nani wa mwisho?"

"Sisi sote!"

"Haya, nani wa kwanza?"

"Sisi sote!"

Alipuliza filimbi, lakini hakujua anaipulizia nini. Jumanne mambo yakawa yale yale, ila wimbo ulikuwa mkubwa zaidi.

Jumatano gari la Mzee Opolot liliingia kwa kishindo. Mzee alishuka akiwa amekasirika.

"Lazarus! Kiwandani wamenirudishia magunia kumi ya Ijumaa. Wamekuta fifi ndani ya safi. Mnaniua?"

Alifungua gunia la Jumatatu, akatia mkono mpaka kwapani, akatoa pamba kutoka chini. Nyeupe. Akafungua la Jumanne. Nyeupe. Akageuka polepole.

"Ijumaa kulikuwa na nini hapa?"

Rosebella akasogea mbele, Jerusha kulia kwake na Wilkister kushoto, kama walivyokuwa wamekubaliana wote Jumapili.

"Mzee, Ijumaa tulikuwa tunakimbizwa," alisema. "Jumatatu tulifanya kazi. Tunaomba mambo matatu. Kanuni ya wa mwisho ifutwe. Wenzetu watatu walioondolewa warudi. Na mchana tupate nafasi ya kunywa maji."

"Na nikikataa?"

"Ukikataa utaendelea kupokea magunia yako kutoka kiwandani."

Mtu mmoja nyuma alicheka, akajiziba mdomo. Mzee Opolot alimkodolea macho Rosebella, kisha akalitazama lundo la pamba lililofika darini.

"Pamba ni nyingi. Hao watatu warudi, nafasi ipo," alisema. "Kanuni nimeifuta. Maji mnywe. Lakini kila mara nikitaka kusema nanyi, nitasema na watu wangapi? Siwezi kubishana na kanisa zima."

"Watatu hawa," akina mama waliitikia, wakiwaonyesha Rosebella, Jerusha na Wilkister. "Tumewachagua wenyewe."

Vigelegele vilipanda mpaka wasafiri waliokuwa stesheni wakaja kuchungulia. Jerusha alimshika Apeduno mkono, akamwambia kwa Kiteso kibovu alichojifunza sokoni, "Eyalama." Asante.

Mzee Opolot alikuwa bado hajamaliza. "Nani hayupo leo? Naona fungu moja halina mtu."

"Ni la mgonjwa," alisema Lazarus haraka.

"Vizuri. Lichague wewe, uijue kazi unayoisimamia."

Lazarus aliketi chini na kaptula yake iliyonyooka. Alishika pamba kama mtu anayeshika jongoo. Wenzake waliimba, yeye alitoka jasho. Jioni mafungu yote yalikwisha isipokuwa lake, lililobaki nusu nzima.

Wote walimtazama. Naye alitazama chini.

"Mwacheni akione," Wilkister alinong'ona.

Apeduno alimtazama mama yake. Rosebella aliinua bega moja tu, kama kusema, unajua la kufanya. Apeduno akageuka, akapiga magoti mbele ya nyapara.

"Usiitazame tu, bwana nyapara," alisema. "Iguse. Pamba mbaya hukwaruza."

Wengine wakaja. Fungu likaisha kabla Lazarus hajafuta jasho. Alisimama, akasafisha koo, akasema kwa sauti ndogo, "Nimeshukuru, akina mama." Kisha, baada ya kufikiri, "Nawe, dada mdogo."

Njiani kurudi nyumbani Jerusha aliimba, na Apeduno akaruka-ruka mbele yao.

"Toto," aliuliza, "kwa hiyo ni vibaya kuwa na mbio?"

"Nani kasema?" Rosebella alijibu. "Mbio ni mali yako, na uzitumie. Uvivu sitaki kuusikia. Lakini mtu akizitumia mbio zako kumfukuza mwenzako, usimwazime. Geuka, umsaidie aliye nyuma, halafu mdai haki yenu pamoja, waziwazi, na kazi ikiwa safi mikononi. Hapo hata tajiri husikiliza. Sasa acha kuruka, utachana gauni, na la pili hatuna."

Apeduno aliacha kuruka, akatembea hatua tano kwa adabu, kisha akaanza tena.