Kaka Alinifungia Stoo, Mwalimu Akasimama

Nilisikia kofuli likibanwa kwa nje, nikabaki gizani na magunia ya viazi.

Aliyelibana si mwizi wala adui. Ni Byamukama, kaka yangu. Tumbo moja, ziwa moja!

"Kaka! Fungua! Unanitania?"

Nikapiga mlango kwa ngumi.

"Byamukama! Saa mbili mgeni wangu anaingia msituni!"

"Najua. Ndiyo maana uko humo. Uji wako wa bushera upo kwenye chupa hapo chini. Kunywa, ulale."

Ninywe, nilale!!!

Jamani, kabla hamjanihukumu, sikilizeni kwanza.

Mimi ni Kobusingye, mtoto wa Ruhija, huku ambako msitu unaanzia nyuma ya choo chetu. Kazi yangu ni kuwapangia watu safari ya kuwaona gorila. Kibali, gari, chumba, wabebaji, hadi fimbo ya kutembelea.

Mgeni wa siku ile alikuwa Mwalimu Ndagire wa Masaka, aliyenifundisha darasa la sita nilipokuwa naishi kwa shangazi. Nilizaliwa jirani na gorila, lakini habari zao nilizijua kwa mama yule, kwa picha aliyoichora ubaoni kwa chaki. Na yeye mwenyewe alikuwa hajawahi kumwona hata mmoja!

Sasa amestaafu. Magoti yamechoka. Macho ndiyo kabisa, daktari alimwambia, "Mama, yanakwenda. Kama kuna kitu unataka kukiona, kione mwaka huu."

Akanipigia mimi.

Miezi minane napanga. Nikatafuta wanaume wanane wa kumbeba kwa zamu kwenye engozi, ile machela yetu ya kubebea wagonjwa milimani. Nikamwahidi, "Mwalimu, nitakushika mkono mimi mwenyewe mpaka umwone."

Halafu siku nne kabla... mafua yakanibana!

Huku kwetu hata mtoto anajua: mwenye mafua hamkaribii gorila. Sisi tunapenga tunasahau. Wao wanakufa. Na familia ya gorila tuliyopangiwa ilikuwa na kichanga cha wiki mbili.

Ukisema unaumwa, unabaki. Ukikamatwa umeficha, leseni kwaheri.

Nikaficha.

Nikatafuna majani ya omubirizi, dawa yetu chungu, mpaka ulimi ukafa ganzi. Nikajiambia, barakoa itanisitiri. Nikaenda Masaka kumchukua Mwalimu, tukarudi mwendo wa saa saba barabarani, vioo vimefungwa kwa vumbi na baridi. Nakohoa nasingizia vumbi!

Nyumbani sikufanikiwa kumdanganya mtu. Byamukama ni mwongozaji wa msituni, kikohozi anakisikia hata kupitia ukutani.

"Mdogo wangu, usiende."

"Naenda."

Ndiyo hivyo, asubuhi kanituma viazi stoo. Kumbe mtego!

Nikiwa bado napiga mlango, nikasikia sauti yake nje, anaongea na simu.

"Kembabazi, mgeni wa Kobusingye mchukue wewe leo."

Mama wee!!

Kembabazi! Yule aliyefungua ofisi mkabala na yangu, anayewanyakua wageni wangu hadi mlangoni! Damu yangu inaniuza kwa Kembabazi?

Nililia kwa hasira. Nikakohoa, nikalia, nikakohoa tena. Vumbi la magunia likazidi kunikaba. Nikaona nitafia mle kama panya.

Stoo zetu zina kuta za mabanzi, viazi vipate hewa. Nikapanda juu ya magunia nikapiga teke. Moja... mbili... la tatu banzi likaachia. Nikajipenyeza, blauzi ikachanika, nikaangukia kwenye kabichi za wifi.

Mbio!

Nilifika geti la msitu, wageni wameshakaa kwenye mabenchi, wanane, barakoa mkononi. Kembabazi kakaa pembeni ya Mwalimu wangu. Nilimkata jicho hilo!

"Kobusingye! Ulikuwa wapi, mwanangu?" Mwalimu akauliza. "Huyu binti kaniambia umepata dharura, ila mgeni bado ni wako."

Sikuelewa. Sikutaka kuelewa. Nikakaa katikati yao.

Na mbele yetu kasimama nani kutoa maelezo? Byamukama.

Aliniona. Akatazama matope kwenye magoti yangu.

Akasoma masharti. Msile karibu nao. Msiwanyooshee vidole. Kisha akaikunja karatasi.

"Kuna yeyote mwenye mafua au kikohozi leo?"

Alikuwa ananitazama mimi tu.

Jamani... kikohozi kikaanza kupanda. Taratibu, kutoka huku kifuani. Nikabana meno. Machozi yakanitoka. Nikisema, namwangusha Mwalimu na leseni iko shakani. Nikinyamaza, kaka yangu anajua, na mimi najua kuwa anajua. Kulia Mwalimu, kushoto Kembabazi, mbele yeye. Pa kutokea hapakuwepo.

"Nauliza tena. Hakuna?"

Nikatikisa kichwa. HAKUNA.

Hapo hapo kikohozi kikasikika.

Si changu!

Mwalimu Ndagire alikuwa anainuka, kashikilia fimbo.

"Mimi, mwanangu. Kimeanza alfajiri. Nifute kwenye orodha."

"Mwalimu, hapana! Kaa chini!" nikamvuta gauni.

"Nimewachapa watoto wa watu miaka thelathini kwa kusema uongo, Kobusingye. Leo nianze mimi?"

Kisha akainama sikioni kwangu.

"Kikohozi chako nilikisikia tangu tunapita Mbarara. Nikasema moyoni, namjua huyu, atasema mwenyewe."

Nyie... afadhali angenizaba kofi mbele ya wale watu wote.

Nikasimama. Nikakohoa kile kikohozi chote nilichokibana. "Na mimi naumwa. Nimemwambukiza mimi."

Byamukama alinifuata nje.

"Ningekuripoti, leseni ingekwenda. Nikaona nikufungie," akasema. "Kembabazi alikubali kumsindikiza kwa jina lako, bure. Mwalimu angeingia na mtu mzima wa afya. Sikujua kuwa umeshamwambukiza."

Leseni nilisimamishiwa miezi mitatu. Sikulalamika. Siku nyingine ya karibu iliyokuwa na nafasi ilikuja baada ya miezi mitano, na macho ya Mwalimu hayakungoja.

Siku hiyo wanaume wale wanane walimwinua kwenye engozi huku wakiimba. Nilikuwa mzima kabisa, nikajiweka sawa kuingia. Mwalimu akaninyooshea fimbo.

"Wewe utabaki hapa getini. Atanishika mkono kaka yako."

Nikabaki. Saa sita nzima naitazama njia.

Waliporudi nilikimbia nikampokea.

"Mwalimu! Umewaona?"

"Vivuli tu, mwanangu. Vivuli vikubwa vyeusi."

Nikapiga magoti mbele yake. Akanipapasa kichwa kwa ule mkono nilioahidi kuushika.

"Ila yule kichanga wao nilimsikia. Anacheza kwa mamake, anacheka. Nilisikiliza vizuri sana, Kobusingye. Hakohoi."

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi nilificha, akalipa mwingine, tena kwa macho yake.

Ukiona anayekupenda kakufungia mlango, kabla hujavunja ukuta, muulize anamlinda nani.