Jibini Ndani ya Nguo za Kilio

Grrr. Grrr. Grrr.

Sauti ilitoka ndani ya kopo la vifungo. Kahambu aliisikia kabla hajainua macho kutoka kwenye sindano. Kila asubuhi simu yake hulala humo, mbali na vumbi jeusi la Mabanga, mtaa wa Goma. Ikiita, vifungo vyote hutetemeka pamoja nayo.

Aliondoa mguu kwenye pedali. Cherehani ikanyamaza.

"Mama Kahambu, ni miye Ernestine," ilisema sauti kutoka Liège, huko Ubelgiji. "Nguo hazijafika."

"Zitafika, mama. Koli ya nguo zako ilitoka hapa zamani."

"Koli ilifika huku. Iko duane, kule forodhani, banaikamata. Banasema muliandika zawadi, nguo za zamani. Halafu ndani banakuta kitu ya kula. Uliweka nini mule?"

Kahambu alikumbuka jibini aliyoitia kati ya magauni.

"Fromaji," alisema. "Fromaji ya Masisi. Ilikuwa matabishi yako."

Ernestine akasema polepole, "Kilio tunaondoa Jumamosi, mama." Simu ikakatika.

Ernestine alizaliwa Mabanga, jirani na Kahambu. Mama yake alifariki Goma mwaka uliopita. Uwanja wa ndege ulikuwa umefungwa na njia zote zilikuwa na hofu. Ernestine hakuja kuzika. Alitazama jeneza likishuka kaburini kwenye kioo cha simu, akalia peke yake jikoni. Tangu siku hiyo alivaa nyeusi. Katika familia yao, nyeusi haivuliwi ovyo. Huvuliwa siku ya kuondoa kilio, na siku hiyo wote huvaa kitambaa kimoja. Familia ya Goma ilikuwa imechagua kitenge cha bluu chenye ndege weupe. Ernestine alikiona kwenye ukurasa ambao Kahambu huuzia nguo mtandaoni. Akaagiza gauni lake na magauni ya dada zake, ambao nao huishi Ubelgiji.

Kahambu alishona kwa moyo wote. Kosa halikuwa katika mishono.

Huku Goma, muuzaji asiyeongeza hapendwi. Ukinunua maharage, muuzaji hukutilia konzi moja juu. Hiyo ndiyo matabishi. Kahambu naye huwapa wateja wake kifungo cha akiba au kipande cha kitambaa. Lakini kwa mtu mwenye kilio, aliye mbali na kwao, kifungo alikiona kidogo. Kwa hiyo alinunua duara zima la jibini, akalifunga kwa plastiki, akalilaza katikati ya magauni kama mtoto kati ya mablanketi. Hakumwambia mtu.

Mume wake, Wenceslas, ndiye aliyepeleka kifurushi kwa wakala. Wenceslas huleta maharage kutoka Rutshuru kwa pikipiki. Njia ile ina kamba nyingi zilizovutwa barabarani, na kwenye kila kamba kuna mtu anayeuliza umebeba nini. Ukisema kingi, utalipa kingi. Wenceslas alikuwa amejifunza kusema kidogo. Alipopewa karatasi ya forodha, aliandika kidogo vilevile: zawadi, nguo za zamani. Mahali pa bei aliandika bei ya jozi ya sandali. Alirudi nyumbani akipiga mluzi. Aliamini amemwepusha Ernestine na kodi.

Jumamosi ikafika, ikapita.

Siku chache baadaye picha ilikuja kwenye simu. Dada za Ernestine walisimama wakiwa na nguo za rangi mbalimbali, kila mmoja ya kwake. Ernestine alikuwa katikati yao, amevaa nyeusi. Chini ya picha aliandika: "Duane imechoma vyote. Jibini iliyeyuka ikaharibu magauni. Dada zangu wameondoa kilio. Mimi sikuweza. Sitavua nyeusi mpaka nivae kitambaa cha mama."

Kahambu aliisoma mara ya pili. Kisha akamnyooshea Wenceslas simu.

"Ni fromaji yako," alisema Wenceslas.

"Ni kalamu yako."

"Nilitaka kumusaidia."

"Ungemusaidia kwa kuacha kuandika kabisa. Mutu bado anavaa nyeusi sababu yako."

"Sababu yangu peke yangu? Miye nilijua kama unatuma maziwa ndani ya nguo za kilio?"

Mbao za nyumba za Mabanga hazifichi kitu. Jirani yao Charline alisikia yote, akaingia bila kubisha. Charline alikuwa amefanya kazi miaka mingi katika ofisi moja ya mtaa wa Himbi, akijaza karatasi za forodha za wafanyabiashara. Ofisi ilifungwa vita ilipokaribia. Tangu hapo aliuza mkaa, na ulimi wake haukuwa mtamu.

"Munagombana sababu ya fromaji ama sababu ya uongo?" aliuliza.

"Kaa, Mama Charline," alisema Wenceslas. "Hii si uongo. Ni maarifa ya njia."

"Njia ya Rutshuru. Kule hakuna kamba, papa. Kule kuna mashini inapiga picha ndani ya koli. Wewe uliandika nguo za zamani. Mashini ikaonyesha kitu ya muviringo, kubwa sawa sinia. Kama ni wewe mutu wa duane, ungefanya nini?"

"Ningefungua."

"Njo vile. Na ukishakuta uongo moja, ile maneno ingine utaiamini?"

Wenceslas alikubali kwamba asingeiamini.

"Ernestine alilipa, hapana?" Charline aliendelea. "Basi si zawadi. Ni mauzo. Andika mauzo. Andika bei ileile aliyolipa, maana wakimuuliza, ataonyesha karatasi ya malipo, na bei mbili zikipishana koli inalala pale. Tena usiandike nguo tu. Nguo gani? Andika gauni la mwanamke, jipya, la pamba, limeshonwa Kongo, uzito wake hivi. Fakture, karatasi ya bei, moja iwe ndani, ingine iwe juu. Na uandike simu na imeli ya Ernestine, ili duane ikiwa na swali imuulize mara moja."

"Atalipa taxe," alisema Wenceslas. "Atakasirika."

"Mwambie kabla hajanunua. Mutu anayejua mapema anajitayarisha. Anayeshtukizwa anakataa koli, na hasara inarudi kwako. Mwambie pia kama duane inaweza kuchelewesha. Wewe usitoe ahadi ya siku. Wewe tuma mapema."

"Na fromaji?" Kahambu aliuliza kwa sauti ndogo.

"Maziwa na nyama Ulaya haviingii ndani ya koli. Banaogopa magonjwa ya wanyama."

"Fromaji ya Masisi haina ugonjwa."

"Unajua wewe. Ule mutu wa duane hajapata kusalimiana na ng'ombe wako."

Wenceslas alitaka kucheka. Alimwona mke wake, akaacha.

Kahambu alizunguka soko lote akitafuta kitenge kile. Hakikuwepo. Malori yaliyokileta hayakuwa yakija tena. Kilibaki kipande kimoja tu, chake mwenyewe, ambacho alikuwa amekinunua kwa heshima ya marehemu na hajakikata. Kingetosha gauni moja. Magauni ya dada yasingepatikana.

Alimpigia Ernestine. Alimwambia ukweli wote: wa jibini, wa kalamu, wa kitambaa kilichobaki. Alimwambia kwamba safari hii kutakuwa na kodi ya kulipa kule, na kwamba koli inaweza kukaa forodhani.

"Kwa nini hamukuniambia vile tangu mwanzo?" Ernestine aliuliza.

"Hatukujua, mama. Nakuomba unihurumie."

"Tutaona," alisema Ernestine. Sauti yake ilikuwa baridi.

Kahambu alikata kitambaa chake. Alishona gauni, na kwa vipande vilivyobaki akashona kitambaa cha kichwa. Charline alipokuja kukagua, Kahambu alikificha chini ya mkono.

"Toa," alisema Charline.

"Hii ni matabishi tu. Haina bei."

"Mbele ya duane hakuna kitu kisicho na bei. Kuongeza si vibaya. Kuficha ndiyo vibaya. Andika kitambaa cha kichwa, kimoja, na bei ambayo ungekiuza."

Wenceslas ndiye aliyeandika. Aliandika mauzo. Aliandika gauni, pamba, Kongo, uzito. Kwenye bei kalamu ilisita, kama pikipiki mbele ya kamba. Kisha akaandika bei yote. Chini yake akaongeza kitambaa cha kichwa. Kahambu alikunja gauni mbele ya macho yake, ili kila kilichoingia kionwe na aliyeandika.

Kifurushi kilivuka mpaka hadi Gisenyi, Rwanda, kikashika njia ya Kigali kupanda ndege. Kisha kikanyamaza. Kila Kahambu alipotafuta namba yake kwenye simu, jibu lilikuwa lilelile: kiko forodhani. Alishona vibaya. Alitoboa kidole. Wenceslas alikwenda Rutshuru akarudi, na kabla ya kuvua koti alikuwa akiuliza, "Bado?"

"Bado."

"Hata ukisema ukweli banachelewesha."

"Sasa banachelewesha. Ile ya kwanza balichoma."

Asubuhi moja vifungo vilitetemeka tena ndani ya kopo.

Safari hii ilikuwa sura, si sauti tu. Ernestine alisimama katika chumba chake huko Liège. Ndege weupe waliruka kwenye bluu ya gauni lake. Kitambaa cha kichwa alikuwa amekifunga vizuri, kama mama yake alivyokuwa akifunga. Nyuma yake, juu ya kiti, nguo nyeusi ilikuwa imekunjwa.

"Balinipigia," alisema. "Baliniuliza kama ni mauzo. Nikabaonyesha malipo, nikalipa taxe, bakanipa. Hakuna aliyefungua kitu." Machozi yalimshuka, hakuyafuta. "Nimeivua, mama. Lakini nimeivua peke yangu. Dada zangu wananiangalia tu. Banauliza kama na bao batavaa siku moja."

Kahambu hakuwa na kitambaa. Soko halikuwa na kitambaa. Alitazama meza yake tupu, kisha Wenceslas aliyesimama mlangoni na gunia begani, kisha uso wa Ernestine.

"Sikia, mama," alisema. "Siku kitambaa hii itarudi Goma, dada zako nitawashonea kabla ya watu wote. Siku ya kufika siwezi kukuahidi, hiyo iko mikononi mwa duane. Lakini kila kitu nitakachotia ndani ya koli, hata kifungo kimoja, nitakiandika. Hiyo nakuahidi, na Wenceslas anasikia."